Nimelala chini ya mablanketi mazito matatu: lipi nimebaki nalo

Nilipomweleza mama kwa simu kwamba nimenunua blanketi la kilo tisa, makusudi, ili linikandamize nikilala, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mwanangu, yaani umelipia jinamizi kwa hela yako?"

Sikuwa na jibu. Kwetu Njombe kitu kinachokukalia kifuani usingizini ni cha kuombewa, si cha kuletewa mlangoni na gari la vifurushi.

Ila ukweli ni kwamba huko huko kwetu ndiko nilikozoeshwa. Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali na nyasi zimepauka kwa barafu alfajiri, tulilala wajukuu watatu kitanda kimoja kwa bibi: mablanketi mawili, na juu yake koti la babu lililonuka moshi. Kugeuka ubavu ilikuwa kazi ya kushauriana. Ukishafunikwa umefunikwa mpaka kumekucha. Nadhani mwili wangu ulijifunza huko kwamba usingizi una uzito, ndiyo maana haya maduveti ya Marekani yaliyojaa hewa kama maandazi sijawahi kuyazoea. Nalala chini yake nikijiona kama sijafunikwa.

Sasa naishi Minnesota, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, shifti ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Anayelala mchana ananielewa. Jua linapiga kwenye theluji na kuingia pembeni ya pazia, jirani anawasha mashine ya kusukuma theluji, na wewe umelala macho unahesabu saa zilizobaki. Mwenzangu mmoja kazini ndiye aliyeniambia nijaribu blanketi zito. Kwa miaka miwili iliyofuata nimelalia matatu: mawili ya kununua na moja la kuazima.

Haya mablanketi si mageni kama matangazo yanavyotaka tuamini. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, walikuwa wakiyatumia siku nyingi kwa watoto wenye usonji kabla ya 2017, mwaka ambao kampuni ya Gravity ilichangisha zaidi ya dola milioni nne mtandaoni na kila duka likaanza kuyauza. Hata wazo lenyewe la kubanwa ili utulie lina historia ninayoipenda. Temple Grandin, mwanasayansi wa mifugo ambaye mwenyewe ana usonji, akiwa kijana aliona kwenye ranchi ya shangazi yake kule Arizona jinsi ng'ombe wanavyotulia wakibanwa kwenye kibanio cha kuchanjia. Akaenda kujitengenezea mashine yake ya kujibana. Sisi tuliokulia karibu na josho tumewaona ng'ombe hao mara ngapi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuingia.

Turudi kwenye kununua, kwa sababu mimi nilikosea tangu mwanzo.

Kanuni utakayoikuta kila mahali ni kwamba blanketi liwe karibu asilimia kumi ya uzito wako. Mimi nina kilo 78, kwa hiyo kama kilo 7.8. Huku wanapima kwa paundi, na dukani yalikuwepo ya paundi 15, ambayo ni kilo 6.8, na ya paundi 20, ambayo ni kilo 9. Nikajiambia mimi mwanaume, nimebeba magunia ya viazi, nipe la 20. Na kwa kuwa lilikuwa la bei nafuu kwenye ukubwa mdogo, sentimita 122 kwa 183, nikachukua hilo hilo.

Kosa langu halikuwa uzito peke yake. Lebo haikuambii uzito huo umetandazwa kwenye eneo gani, na hilo ndilo linalohisiwa na mwili. Chukua la paundi 15 la ukubwa huo mdogo, gawanya kilo zake kwa eneo, unapata kama kilo tatu kwa kila mita ya mraba. Chukua la paundi 20 la ukubwa wa sentimita 152 kwa 203, unapata kilo tatu hizo hizo. Yaani mtu anaweza kulipa zaidi akidhani ananunua zito, kumbe anahisi uzito ule ule, na kilichoongezeka kinaning'inia pembeni ya godoro kikilivuta blanketi sakafuni. Mimi nililala chini ya kilo nne kwa kila mita ya mraba. Usiku wa tatu niliamka mabega yanauma kana kwamba nimetoka kulima kwa jembe. Kwa hiyo ukiwa katikati ya saizi mbili, shuka, usipande. Na chagua la upana wa mwili wako, si la upana wa kitanda. Mke wangu alitaka tununue moja kubwa tulale wote. Tulijaribu kwa kukunjua langu kwa upana, akaishia kuvutwa kila nilipogeuka. Kila mtu na lake, ndoa idumu.

Kosa la pili lilikuwa ndani. Hilo la kwanza lilijazwa chembe za plastiki za kulipa uzito. Kioo kwa ujazo ule ule ni kizito zaidi ya mara mbili ya plastiki, kwa hiyo ili kufikisha kilo tisa za plastiki inabidi uzijaze nyingi, blanketi linanenepa, halafu wanaongeza tabaka la poliesta ili chembe zisipige kelele. Zilipiga tu. Nikigeuka nilisikia kama mtu anamimina maharage debeni. Na juu wakalivisha kitambaa cha manyoya laini, ambacho dukani kinakufanya ulikumbatie na usiku kinakupika. Januari, nje nyuzi hasi 20, mimi ndani nimelowa jasho.

Angalia pia vijumba vilivyoshonwa. Chembe hukaa ndani ya miraba midogo ya mshono, na miraba hiyo ikiwa mikubwa, chembe zote zinateremka upande mmoja. Yangu ilikuwa mipana kuliko kiganja. Ninavyopenda kupima sasa ni kushika kona moja ya blanketi dukani na kuliinua: likining'inia sawasawa, vizuri, ukiona tumbo linajitokeza chini, rudisha. Kama unanunua mtandaoni tafuta miraba ya sentimita kumi au kumi na mbili hivi, na usome gharama ya kurudisha mzigo kabla hujalipa. Nauli ya kurudisha kilo tisa ni kubwa, nilitamani nilie.

Nalo lilikufa kifo cha aibu. Nililitia kwenye mashine ya kufulia ya nyumbani. Lilipolowa lilikuwa zito kiasi kwamba mashine wakati wa kukamua ilianza kutembea, ikafika katikati ya chumba, jirani wa chini akapiga dari kwa fimbo. Mshono mmoja ukaachia. Nimeokota vichembe vyeupe mpaka kiangazi.

La pili nililinunua kwa akili zaidi: paundi 15, shanga ndogo za kioo zinazofanana na mchanga, pamba juu, na foronya inayovuliwa, yaani mfuko wa kulivisha blanketi zima. Dola 70 hivi. Ndilo nililobaki nalo: ni jembamba, halina kelele, halina joto la kipuuzi. Foronya ndiyo iliyonifunza jambo ambalo hakuna aliyeniambia: hesabu vikamba vya kufungia ndani. Ya kwanza ilikuwa na vinne, na kila asubuhi nililikuta blanketi limejikunja miguuni kama mtoto aliyejificha ndani ya gunia. Nikabadilisha, nikapata yenye vinane. Nafua foronya kila wiki, na blanketi lenyewe mara mbili kwa mwaka kwenye mashine kubwa za dobi la kujifulia, maji baridi, kisha nalilaza bapa likauke. Usilianike kwenye kamba. Kamba itakushinda.

La tatu, la kuazima kwa wiki mbili kutoka kwa mwenzangu wa kazini, halikuwa na shanga kabisa. Lilikuwa limefumwa kwa uzi mnene wa pamba, mnene kama mkia wa mbuzi, na uzito wake wote ni wa uzi. Hewa inapita kwenye matundu. Ilikuwa Agosti na sijawahi kulala mchana wa Agosti namna ile. Lakini kidole gumba cha mguu kilipenya tundu nikakaribia kuanguka nikiinuka, binti yangu alivuta uzi mmoja ukarefuka na haukurudi, na bei yake dukani ni zaidi ya dola 200. Kwa mtu anayetoka jasho sana usingizini, na asiye na paka wala mtoto mdogo, ningesema ajinyime alinunue.

Je, yanasaidia kweli? Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Sweden, wa 2020: watu 120 wenye kukosa usingizi pamoja na maradhi kama sonona na wasiwasi, nusu wakapewa blanketi lililotiwa minyororo ya chuma ndani, la kilo sita hadi nane, nusu la kilo moja na nusu, wiki nne. Wenye zito walipata nafuu kubwa zaidi kwa mbali. Lakini mtu hawezi kufichwa kama blanketi lake ni zito au jepesi, na wale walikuwa wagonjwa, si mimi ninayesumbuliwa na shifti. Kwangu limepunguza kugaagaa. Saa za kulala hazikuongezeka mpaka niliponunua pazia jeusi, la dola 25. Anza na pazia.

Hapa naomba niongee kama mtu wa kazi yangu. Kazini kwetu, kitu chochote ambacho mzee hawezi kujiondolea mwenyewe kinahesabika kuwa ni kumfunga, na blanketi zito linaingia humo. Ndicho kipimo ninachompa kila mtu: je, anayelala chini yake anaweza kulitupa pembeni kwa mkono mmoja, gizani, akiwa amechanganyikiwa na usingizi? Mtoto mchanga hawezi, na madaktari wa watoto wa Marekani walilikataa waziwazi kwa wachanga mwaka 2022. Mwaka huo huo mablanketi mazito ya watoto yapatayo 204,000 yaliitishwa yarudishwe madukani hapa Marekani, baada ya watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka minne na mwingine sita, kuingia ndani ya foronya kupitia zipu na kufa. La kwangu mchana linakaa juu ya kabati. Mwenye pumu, au anayekatikiwa na pumzi usingizini, amuulize daktari wake kwanza.

Mnaoniandikia kutoka Dar na Mombasa mkiuliza niwaletee: kwa joto hilo, hapana, labda kama unalala na kiyoyozi usiku kucha. Na ndege inakuruhusu begi la kilo 23. Blanketi moja linakula karibu theluthi ya zawadi za watu. Desemba nilijaribu kumbebea mama la paundi 15. Usiku wa kufungasha mizani ikagoma, nikalitoa, nikaweka viatu vya shangazi na dawa za kuchua magoti.

Nilipofika Njombe, hata shikamoo haijaisha kuitikiwa, mama alichungulia nyuma yangu kwenye mabegi. "Na lile jinamizi lako?"

Nikamwambia nimeliacha Marekani, linalala na mkwe wake.

"Marahaba," akasema, akanionyesha kitanda. Alikuwa ameshatandika mablanketi mawili na lile koti.