Usiisimamishe Kazi Yako kwa Ajili ya Maombi ya Chuo

Kijana anayejiandaa kuomba nafasi katika chuo cha sanaa hukabiliwa na kishawishi ambacho mimi kilinishinda nilipoomba kwa mara ya kwanza: kuiweka kando kazi aliyokuwa akiifanya kwa moyo wake wote na kuanza kutengeneza nyingine, mpya kabisa, kwa ajili ya wasaili. Mwaka ule niliacha kuchora nilivyozoea, nikajifungia kwa miezi 4 nikinakili kwa penseli picha za watu mashuhuri na kuzilainisha kwa pamba mpaka ngozi zao zikang'aa. Nilipeleka michoro 12 iliyo safi sana. Msaili mmoja aliifunua yote taratibu, kisha akaniuliza daftari langu la michoro liko wapi. Nilimjibu kwamba nimeliacha nyumbani kwa sababu lilikuwa chafu. Akaniuliza tena ni kitu gani katika michoro ile nilikuwa nimekiona kwa macho yangu mwenyewe, nami sikuwa na jibu. Sikuchaguliwa. Leo, baada ya kupita chuoni na kuwasaidia vijana kadhaa kuandaa maombi yao, naamini kwamba swali lile lilikuwa la haki kabisa.

Msaili hatafuti fundi aliyekwisha kukamilika, kwa kuwa mtu wa namna hiyo hangekuwa na haja ya kufundishwa. Anatafuta mtu anayetazama, anayejaribu, anayekosea na kurudia, na dalili za mtu huyo haziwezi kutengenezwa ndani ya wiki chache za mwisho. Ndiyo maana nawasihi mnaoanza safari hii muendelee na kazi zenu za kila siku kama kwamba hakuna maombi yoyote, kisha humo ndani ndimo mchague zile za kupeleka.

Zaidi ya yote, chora vitu vilivyo mbele yako. Picha ya kamera imekwisha kukufanyia kazi ngumu kuliko zote, yaani kugeuza kitu chenye kina kuwa kitu bapa, na mara nyingi imekiunguza kivuli kikawa cheusi kitupu mahali ambapo jicho lingeona rangi na umbo. Baada ya kukataliwa nilianza kuchora stuli moja ya mbao iliyokuwa karibu na dirisha, dakika 20 kila asubuhi. Siku za mwanzo niliisimamisha miguu yake yote 4 juu ya mstari mmoja, kwa sababu akili yangu ilijua kwamba ina urefu sawa, na stuli ikawa kama inaelea hewani. Siku moja nilinyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikaishika penseli wima na kupima kwa kutelezesha kidole gumba, ndipo nikaona kwamba mguu wa nyuma unakanyaga sakafu juu zaidi kwenye karatasi kuliko wa mbele, na kwamba ile nafasi tupu kati ya miguu ina umbo lake ambalo nalo linaweza kuchorwa. Niliichora stuli ile zaidi ya mara 40. Katika usaili wa pili, kurasa hizo zenye alama za vidole na mistari iliyofutwa nusu ndizo wasaili walizokaa nazo kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyokuwa nimeitia fremu.

Daftari la michoro, kwa hiyo, lipeleke kila linaporuhusiwa, na usilisafishe. Usichane ukurasa ulioharibika. Andika tarehe pembeni, pamoja na neno moja au mawili kuhusu ulichokuwa ukikitafuta, kwa kuwa msaili hupenda kuona wazo linavyozaliwa katika ukurasa mmoja, likayumba katika wa pili na kusimama katika wa kumi.

Kuhusu idadi, vyuo vingi huomba kazi kati ya 10 na 20, lakini kila kimoja kina masharti yake, na vingine huongeza zoezi maalumu la kufanyia nyumbani. Soma maelekezo hayo mapema na uyafuate neno kwa neno. Wakati wa kuchagua, tandaza kazi zote sakafuni, ondoka kwa saa moja, kisha rudi uzitazame ukiwa umesimama. Kazi iliyo dhaifu huzivuta chini zile zilizo jirani nayo, na kama umeruhusiwa kupunguza, kazi 12 zinazosimama imara ni bora kuliko 20 zenye za kujazia. Mwite pia mtu ambaye hakupendi kiasi cha kukuficha ukweli. Kazi uliyoihangaikia kwa miezi si lazima iwe bora, na ni vigumu mno kwa aliyeihangaikia kuliona hilo.

Nimeona kazi nzuri zikipotea kwa sababu ya picha mbaya, kwa hiyo nitalieleza jambo hili kwa kirefu kidogo. Siku hizi maombi mengi hutumwa kwa intaneti, na msaili huiona picha ya kazi yako kabla hajaiona kazi yenyewe. Usitumie mwanga wa kamera, kwa sababu utaacha doa jeupe juu ya rangi ya mafuta. Usipige picha chini ya balbu ya manjano, kwa sababu karatasi nyeupe itageuka rangi ya chai. Itoe kazi nje mahali penye kivuli au siku yenye mawingu, iegemeze ukutani, na uweke kamera usawa wa katikati ya kazi, ikiwa na mwinamo uleule wa kazi. Rudi nyuma hatua kadhaa na uvute picha kidogo, kwani ukikaribia sana kingo zitaonekana zimepinda. Kama ni mchoro wa mkaa, upige picha kabla hujaupulizia dawa ya kuushikiza, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuutia giza kidogo, na kazi ya kupulizia ifanyie nje penye hewa. Kama ni rangi ya mafuta, kumbuka kwamba huhitaji siku kadhaa hadi wiki kukauka juujuu, kwa hiyo usianze mchoro mzito wiki moja kabla ya kuupeleka.

Maelezo yako ya maandishi yawe mafupi na ya kweli. Badala ya kusema kwamba sanaa ni maisha yako, eleza kwa nini ulirudia kitu kilekile mara 40 na ulichokiona mara ya 40 ambacho hukukiona mara ya kwanza.

Inawezekana pia ukakataliwa, na hilo huuma kweli. Auguste Rodin, mchongaji wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1840, aliomba nafasi École des Beaux-Arts mjini Paris mara 3 na mara zote akakataliwa. Kwa miaka mingi alijipatia riziki kwa kutengeneza mapambo ya majengo, huku akiendelea kuchonga kazi zake mwenyewe. Ukikataliwa, omba maoni ya wasaili ikiwa chuo kinaruhusu, yaandike, kisha yaache kwa siku kadhaa kabla ya kuyasoma tena.

Siku utakayotuma maombi, kesho yake asubuhi kaa tena mbele ya kile ulichokuwa ukikichora. Kati ya kutuma maombi na kuitwa kwenye usaili huweza kupita wiki nyingi, na swali mojawapo unaloweza kuulizwa ukishaketi ni umefanya nini tangu ulipotuma. Beba daftari jipya.