Ryder Cup: msipige kelele mchezaji akiwa ameusimamia mpira

Mleta mada, msithubutu. Umeandika kwamba wewe na wenzako mlioko Uingereza mnakwenda Ryder Cup, mashindano ya gofu kati ya timu ya Ulaya na ya Marekani, kwenye uwanja wa Adare Manor, Ayalandi, Septemba 2027, na kwamba mmejipanga kuwazomea Wamarekani kila wanapousimamia mpira tayari kupiga, ili kulipiza matusi ya mashabiki wao kule New York. Ukauliza pia kama wacheza gofu ni wanamichezo kweli. Naanza na hilo la kuzomea, kwa sababu ndilo litakalowagharimu.

Mwaka 2023 tulikwenda Ryder Cup ya Marco Simone, uwanja ulio nje kidogo ya Roma, tukiongozwa na bwana mmoja aliyejinadi kuwa mzoefu. Ndiye aliyetuaminisha kwamba Ryder Cup ni kama dabi ya Kariakoo, kila mtu apige kelele apendavyo na hakuna msimamizi atakayejali. Asubuhi ya Ijumaa, Mmarekani mmoja akiwa ameshausimamia mpira, mwenzetu mmoja akapaza sauti kama alivyofundishwa. Mchezaji akarudi nyuma na kumtazama kedi wake, yaani mbeba fimbo zake, na waliotuzunguka, mashabiki wa Ulaya waliovaa buluu, watu wa upande wetu wenyewe, wakamgeukia mwenzetu kwa hasira. Muda si mrefu alikuwa nje ya geti, na kwa kuwa tulikuja kwa gari moja na tiketi zote zilikuwa kwenye simu yake, wikiendi yetu nzima iliishia hapo: nauli, hoteli na likizo tuliyoiomba kazini kwa shida. Yule bwana hakusema hata pole, na nasikia bado anawapa watu ushauri.

Hayo ya Bethpage Black, uwanja wa huko New York, mwaka 2025 unayotaka kuyalipiza hayakuwasaidia Wamarekani hata chembe. Rory McIlroy, mchezaji wa Ulaya, alitukanwa vibaya, na siku ya Jumamosi kinywaji kilichorushwa kikaipata kofia ya mkewe. Asubuhi ya siku hiyohiyo, kwenye shimo la 16, aliwageukia waliokuwa wakimkera, akawaambia wafunge midomo, kisha akaupiga mpira ukatua karibu kabisa na shimo. Ulaya ikashinda 15 kwa 13.

Na ndiyo, ni wanamichezo, tena wa kweli. Kichwa cha fimbo yao ndefu hukaribia kilomita 190 kwa saa, na kukishusha kutoka juu hadi mpirani huchukua kama robo ya sekunde, huku nyonga, mgongo na shingo vikizunguka kwa nguvu zote. Huko Bethpage, Viktor Hovland wa Ulaya aliumia shingo akashindwa kucheza Jumapili, na pointi ya mechi yake ikagawanywa nusu kwa nusu. Anayepangwa asubuhi na mchana anaweza kutembea mashimo 36, yaani mizunguko miwili kamili ya uwanja, kwa siku moja. Mwili unaofanya kazi hiyo haustahili kushtuliwa na mtu aliyesimama nyuma ya kamba.

Imbeni anapokaribia, shangilieni mpira ukishaondoka, lakini katikati ya hapo asisikike mtu. Kubalianeni hilo leo, kabla hamjanunua chochote. Kila mmoja akae na tiketi yake kwenye simu yake, na asiyekubali, mwacheni aangalie kwenye runinga.