Barua ya Malalamiko Dhidi ya Diwani: Nilivyokosea Mara ya Kwanza

Juma lililopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu ulioanza na "Shikamoo mwalimu" na kuishia na swali: diwani wa kata yao amempa ndugu yake kazi ya kupeleka kokoto kwenye ujenzi wa zahanati, kokoto hazijatimia, je, alalamike wapi? Nimeona nijibu kwa kirefu, kwa kuwa najua wengi wenu mnazitakia kata zenu mema na mmewahi kukaa na barua msiyojua pa kuipeleka.

Mwaka 2019 nilikuwa katibu wa kamati ya mapokezi ya vifaa katika ujenzi wa madarasa mawili kijijini kwetu. Mchanga uliletwa na lori la shemeji yake diwani. Daftari la mapokezi lilikuwa mikononi mwangu, na kila lori lilipomwaga mzigo nilimtaka dereva atie saini. Saini zilikuwa 15. Hati ya malipo ilipoletwa ilisomeka tripu 22. Diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, aliniambia mbele ya mafundi, "Mwalimu, saini hapo, usicheleweshe maendeleo ya watoto."

Sikusaini. Usiku ule niliandika barua ya kurasa nne iliyojaa hasira. Nilimwita mwizi, nikataja nyumba anayojenga mjini, nikaingia hadi kwenye mambo ya ndoa yake, kisha nikaituma kila mahali bila jina langu. Lakini mwandiko wa mwalimu aliyefundisha nusu ya kijiji haufichiki. Wiki chache baadaye diwani alisimama kwenye mkutano wa kijiji akiwa na barua ile ile mkononi, akaisoma kwa sauti kuanzia sehemu ya ndoa, na watu wakacheka. Kuhusu mchanga hakuna aliyeuliza. Nikaondolewa kwenye kamati, na wapo waliokaa mwaka mzima bila kuitikia salamu yangu. Hadi leo jambo hilo linaniuma.

Aliyenifungua macho ni mtumishi mmoja mstaafu. Alinieleza kwamba diwani si mwajiriwa wa halmashauri, hivyo Mkurugenzi hawezi kumwadhibu kama anavyomwadhibu mtendaji wa kata. Diwani ni kiongozi wa umma anayebanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, kwa hiyo lalamiko la mgongano wa maslahi lina mlango wake: Sekretarieti ya Maadili, ambayo ina ofisi za kanda. Halmashauri nayo ina Kamati ya Maadili ya madiwani wenyewe, ingawa mimi siioni kuwa mahali pa kuanzia pale ambapo mlalamikiwa anakaa meza moja na watakaomhoji. Penye harufu ya fedha, mlango ni TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kuzuia na kupambana na rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inayataja wazi matumizi mabaya ya madaraka, na namba 113 hupigwa bila malipo.

Barua yangu ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Niliandika tarehe, namba ya lori, tripu zilizopokelewa, tripu zilizodaiwa, na uhusiano wa mwenye lori na diwani. Nikaambatanisha nakala za daftari, nikaweka jina na saini yangu, na nikahifadhi nakala yenye mhuri wa mapokezi. Sikuandika neno "mwizi" hata mara moja. Wachunguzi walifika, wakamhoji dereva na fundi mkuu, na tripu saba hewa hazikulipwa. Madarasa yote mawili yana sakafu leo, na ninapopita pale najivunia, wala sioni haya kulisema hilo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, andikeni mlichokiona. Andikeni tarehe. Andikeni kiasi. Msiandike mlichosikia kwenye kijiwe cha kahawa, na msimguse mke wa mtu wala mtoto wa mtu, kwa maana hao hawakuchaguliwa na kata. Anayeogopa ajue kwamba ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na aombe utambulisho wake uhifadhiwe badala ya kuficha jina, kwa sababu barua isiyo na mwenyewe haina wa kuulizwa maswali. Kiti cha udiwani ni amana ya wananchi, na anayenyamaza kwa kuogopa kunyimwa salamu anawaachia watoto wake darasa la vumbi.

Na wewe dada uliyeniandikia, kabla ya barua yoyote, nenda kesho asubuhi ukapige picha daftari la mapokezi la zahanati, kurasa zote pamoja na jalada lake, wakati bado lipo mezani kwa mtunza stoo.