Piga picha boksi la dawa kabla ya kuuliza "umekunywa?"

Mama yangu ana presha na sukari. Yeye yuko Muheza, mimi Dar es Salaam, na kwa muda mrefu simu yetu ya jioni ilikuwa ileile. "Mama, umekunywa dawa?" "Nimekunywa, mwanangu." Dawa ipi, vidonge vingapi, sikuwahi kujua.

Siku moja mpwa wangu akanipigia: bibi anashikwa na kizunguzungu kila akisimama, na miguu imevimba. Nikamwambia apige picha kila boksi lililomo kwenye kikapu cha dawa. Picha zikaingia WhatsApp moja baada ya nyingine. Boksi la bluu, boksi jeupe lenye mstari mwekundu, kila moja na jina lake kubwa. Nilipozivuta zikawa kubwa, nikaona chini ya majina yale, kwa herufi ndogo, neno lilelile: amlodipine, dawa ya presha, miligramu 5. Duka la dawa lilikuwa limeishiwa na lile la bluu, likampa la kiwanda kingine. Mama akaona sura mbili, akajua ni dawa mbili, akawa anameza zote kila asubuhi. Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo, na daktari alipoziona zile picha alielewa kabla sijamaliza kueleza.

Kwa hiyo, ukiwa na mzazi anayetumia dawa za kila siku, anza na hilo. Piga picha kila boksi, upande wenye yale maandishi madogo, uziweke kwenye albamu moja ya simu. Jina kubwa ni la kiwanda. Jina dogo ndilo la dawa.

Kisha tulihamia ukutani. Kwenye bahasha za dawa huandikwa 1x2 au 1x3, yaani kidonge kimoja mara mbili au mara tatu kwa siku, lakini kwa Mama hiyo ilikuwa hesabu ya darasani. Mpwa wangu akachora jua linalochomoza na mwezi, chini yake vidonge kwa idadi yake, na pembeni ya metformin, dawa yake ya sukari, akachora sahani ya wali, maana hiyo humezwa pamoja na chakula. Nikaipiga picha karatasi ile, nikaichapisha steshenari, tukabandika karibu na mtungi wa maji.

Kengele ya simu nayo inasaidia, ila angalia saa. Tulisema "saa moja usiku", mtoto akaweka 01:00, simu ikamwamsha Mama saa saba usiku. Saa moja usiku kwenye simu ni 19:00. Itege mwenyewe, au mwombe aliyeitega akutumie picha ya skrini.

Presha nayo siulizi tena kwa maneno. Mama anakaa ametulia dakika tano, anapimwa, mpwa anapiga picha kioo cha mashine na kunitumia. Namba mbili, ya juu na ya chini, na simu yenyewe inahifadhi tarehe. Siku ya kliniki daktari anapitisha kidole kwenye picha za mwezi mzima na kuona presha imekwendaje, jambo ambalo kipimo kimoja cha asubuhi ile hakiwezi kumwonyesha. Picha hizi tunazipeleka kwenye kundi la watoto wake tu. Kundi la ukoo lina watu wengi mno, na afya ya mama yako ni siri yake.

Mwezi uliopita niliona picha imeingia mchana, wakati usio wa kawaida. Boksi la kijani juu ya kaunta ya duka la dawa, na sauti ya Mama chini yake: "Mwanangu, wamebadilisha tena. Hebu nisomee hayo maandishi madogo kabla sijalipa."