Baga ya pinki katikati usimpe mtoto, mkuu

Hapana mkuu. Yaani nimesoma uzi wako nikashindwa kulala. Unasema Jumamosi mchana unampeleka shemeji na mtoto wa miaka minne kwenye kile kijiwe cha baga Sinza, unauliza bei, unauliza kama kuna sehemu ya watoto kucheza, unauliza muda mzuri wa kwenda, halafu katikati umechomekea kwamba jamaa wa ofisini kakwambia uagize nyama isiive sana, iwe na upinki katikati ndio utamu wake. Huyo jamaa mwambie akale yeye.

Jamaa wa kwangu naye alikuwa mtu wa aina hiyo hiyo. Kakaa Ulaya miaka kadhaa, karudi, hakuna kitu asichokijua. Tukaenda lunch sehemu ndogo tu, meza za plastiki, jiko liko mbele unamwona mpishi, na mimi nilikuwa na mtoto wa dada yangu maana shule zilikuwa zimefungwa. Jamaa akaanza, oh baga ikiiva sana inakuwa kiatu, oh wenzetu kule wanakula ina damu damu, mwambie aitoe mapema. Mpishi mwenyewe, kijana wa watu, alisita kabisa, akauliza "bosi, si bado hii?" akajibiwa lete hivyo hivyo. Nikamkatia mtoto nusu akala yote, alikuwa na njaa. Mimi nilivyong'ata ya kwangu, nje imeungua ina weusi wa chuma, ndani baridi, ule ubaridi wa kitu kilichotoka freza muda si mrefu, na maji ya pinki yamelowanisha mkate wa chini mpaka unameguka mkononi. Na huyo mtaalamu wetu unajua aliagiza nini siku hiyo? Chipsi kuku! Kuku mkavu, kaiva mpaka mfupani! Aisee mpaka leo nikikutana naye kwenye ngazi natafuta njia nyingine.

Zikapita siku, baga tumeshaisahau, mtoto akaanza kushikwa na tumbo, anaharisha, tukajua ni maembe tu, mara dada anapiga simu analia kwamba kwenye poti kuna damu. Tukakimbia hospitali. Dripu, vipimo vya damu, vipimo vya figo vinarudiwa rudiwa, dada yangu analala kwenye kiti, na mimi nipo pale mlangoni sina la kumwambia. Kilichonishangaza daktari hakuuliza jana kala nini, aliuliza wiki nzima kala nini, maana alisema kuna bakteria mtoto anaweza kumla leo na dalili zikaja siku ya tatu au ya nne. Mtoto alipona, Alhamdulillah. Ila zile siku simtakii mtu yeyote, hata huyo jamaa.

Sasa elewa kwa nini nakupigia kelele. Wale wanaokula nyama ina damu wanakula kipande kizima, steki. Kwenye kipande kizima uchafu unakaa juu, na juu ndiko kunakogusa moto. Baga ni nyama ya kusaga. Ukishasaga, kilichokuwa juu kimeingia ndani, kimesambaa kote, na mashine ya bucha toka asubuhi imeshapitisha nyama za ng'ombe wangapi huko. Ndio maana hao hao Wamarekani wenye baga zao wanashauriwa na serikali yao nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Na wamejifunza kwa msiba, mwaka 1993 kulitokea mlipuko wa bakteria aitwaye E. coli O157:H7 kwenye baga ambazo hazikuiva za migahawa ya Jack in the Box, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 wakafariki. Wanne! Bakteria huyo akimpata mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kwenda mpaka kwenye figo, sisi watu wazima mara nyingi tunaumwa tumbo yanaisha. Halafu mtu anakaa ofisini na kiyoyozi anakwambia pinki ndio utamu.

Kwa hiyo wewe ukifika, KATA BAGA KATIKATI KABLA MTOTO HAJAGUSA. Kata, fungua, angalia. Ukiona pinki, au ukigusa katikati hakuna moto, rudisha jikoni, usione aibu, pesa ni yako. Na hata rangi usiiamini sana maana nyama inaweza kugeuka kahawia kabla haijafika joto lenyewe, kwa hiyo mwambie mpishi tangu mwanzo aibonyeze iwe nyembamba, asiitoe freza ikiwa jiwe moja kwa moja kwenye chuma, na aipike pande zote taratibu. Nene ya barafu ndio inaungua nje huku ndani mbichi. Mwangalie pia na koleo, kama lile lile lililoshika nyama mbichi ndio analokupangia kwenye mkate, ondokeni mkale chapati maharage.

Muda nenda mapema, saa sita kasoro hivi. Ikifika saa saba foleni inakuwa ndefu, wateja wanagonga meza, na hapo ndipo mpishi anapotoa vitu nusu nusu ili watu wasinune.

Na kama mmeshaenda kabla hujasoma hapa, halafu wiki hiyo mtoto akaharisha damu, usipite duka la dawa kuchukua antibayotiki wala vidonge vya kuzuia kuharisha, kwa ugonjwa huu vinaweza kuharibu zaidi. Nenda hospitali moja kwa moja, na daktari mwambie mwenyewe bila kusubiri kuulizwa kwamba alikula baga, na siku aliyokula.