Kwa nini propani hutoa mafuta mazito maabara, ikifika mwambani inagoma

Mkuu mleta uzi, umesema modeli yako ya VAPEX (njia ya kuyeyusha mafuta mazito ardhini kwa gesi kama propani) ina mwamba wa mita 10: mita 9 mchanga wa dasi 5 (dasi ni kipimo cha upenyekaji, yaani urahisi wa kimiminika kupita mwambani), mita 1 tope, ukaingiza wastani wa dasi 4.5. Mavuno yakatoka mazuri, sasa unashangaa kwa nini majaribio ya shambani husuasua. Tatizo ni huo wastani. Hiyo 4.5 ni kwa mafuta yanayokwenda mlalo. Yakitakiwa kushuka, na kwenye njia hii ndiyo kazi yake, tope lenye dasi 0.0001 linaangusha upenyekaji wa mwamba mzima hadi dasi 0.001 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Nimeshughulika na haya miaka mitatu kwenye maabara moja huko Alberta, Kanada. Mara ya kwanza kufunguliwa sanduku la sampuli kutoka McMurray, tabaka la mchanga wa lami hukohuko Alberta, nilidhani nitaona jiwe. Ni mchanga mweusi, unanuka kama barabara inayowekwa lami, na katikati yake mistari ya tope la kijivu, mingine myembamba kama ukucha. Mchanga ule uliachwa na mito iliyokuwa ikikutana na bahari. Maji yakijaa na kupwa, tope linatulia juu ya mchanga, kisha mchanga tena. Ndani yake kuna lami, ndiyo hayo mafuta mazito, yenye mnato unaozidi wa maji mara milioni.

Watafiti Butler na Mokrys walipoitangaza VAPEX mwaka 1991, wazo lilikuwa zuri: badala ya mvuke, ingiza gesi ya propani au butani kwenye kisima cha mlalo, iyeyushe lami, mafuta yashukie kisima cha chini yenyewe. Maabara sisi tulijaza chombo shanga za kioo zenye saizi moja. Ilikwenda kama sinema. Halafu tukapachika kibao cha udongo mfinyanzi katikati. Propani ilizunguka pembeni, na juu ya kibao lami ikabaki imeganda vilevile, wiki hadi wiki. 

Wengi hawalioni hili: mvuke ukikutana na tope, joto linapita. Tope la sentimita 10 joto hulivuka kwa saa chache. Propani inapenya kwa msambao wa molekuli tu (kujipenyeza molekuli moja moja), na kwa hesabu ya harakaharaka unaongelea miaka. Kwa hiyo mwamba uleule wenye madoa ya tope, mvuke utauvumilia, kiyeyushi kitakwama. Ongeza asfalteni, sehemu nzito kabisa ya lami, ambayo propani huiangusha na kuziba vinyweleo ambavyo tayari ni vidogo.

Sisemi kila tofauti ya mwamba ni hasara. Tabaka za mchanga zinazotofautiana kidogo hupeleka gesi mbele kama vidole, eneo la kukutana na lami likaongezeka. Niliona mara mbili tatu mavuno yakipanda. Lakini ukiwa na mchanga uliojaa maji au gesi juu ya lami, propani inatorokea huko, na hiyo ni pesa yako.

Chora kila tope peke yake kwenye modeli, usilivuruge na mchanga. Vipande vifupi vilivyo mbali na visima havitakutesa sana. Tope refu juu ya visima litazuia gesi kupanda, na lililo karibu na kisima cha chini litazuia mafuta kushuka. La kwako liko wapi? Weka picha ya logi (mchoro wa vipimo vya kisima kwa kina) hapa tuone.