Utumbo uliotolewa nje utarudishwa?

Pole sana dada wa Pongwe. Umeuliza kama mwanao, njiti aliyekatwa utumbo uliooza, atapitisha choo tumboni maisha yote. Mara nyingi sivyo. Daktari hukata kipande kilichokufa, ncha ya ule mzima huitoa nje kwenye tundu la tumboni choo kipitie hapo, kisha huurudisha baada ya wiki kadhaa au miezi, mtoto akishaongezeka uzito.

Kile kinyama chekundu chenye unyevu, yaani hiyo ncha ya utumbo, kisikutishe. Ukikigusa hakiumi, na tone la damu wakati wa kusafisha ni kawaida. Kikigeuka cheusi, usingoje kukuche. Akitapika kijani, tumbo likijaa, au choo kikiwa maji matupu na utosi umebonyea, mkimbize hospitali ya Bombo, Tanga. Ngozi inayoizunguka ioshe kwa maji ya uvuguvugu tu. Mafuta ya nazi ya bibi yaache, mfuko wa kupokea choo unaobandikwa hapo hautashika.